Saa Tatu ya Famau

Nilimpa Famau kumi na moja kwa mia
hesabu za darasa la nane,
nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Hujali.
Leo ndiye anayenifunga mshipi wa tiara,
anaukaza hadi mbavu zinalalamika.
"Unapumua, Mwalimu?"
Kidogo.
"Basi umekaa sawa."

Siku ya kwanza sikulowa hata ukucha.
Alinisimamisha mchangani hapa Kipungani
na tiara ya kufundishia, si pana kuliko leso,
nijifunze kutazama juu bila kujikwaa chini.
Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka
waliacha kusuka.
Mmoja aliuliza kama nimestaafu au nimerogwa.

Siku ya pili, upepo.
Famau alifunga ukili juu ya mti, akauchomeka ufukweni.
"Ukining'inia, hakuna somo.
Ukichapa kama bakora, hakuna somo.
Ukielekea nje, kule kusiko na mtu,
hata uwe mtamu vipi usoni,
nenda nyumbani ukasahihishe madaftari."

Siku ya tatu, maji ya magoti,
horini, mawimbi yamebaki ng'ambo.
Kushoto mikoko, kulia gati,
kamba nne zimenyooka kutoka tumboni mwangu
hadi kwenye kile kitu chekundu kinachotetemeka angani.
"Mbele yako kuna saa ya ukutani.
Isogeze saa tatu. Taratibu."

Saa tatu naijua.
Miaka ishirini na sita nimeingoja kila asubuhi,
kengele, chai ya rangi, mandazi ya jana,
na mshale mfupi umelala kushoto.
Nikaipeleka kushoto.

Tiara iliinama, ikashiba,
nikang'oka kama kigingi cha mbuzi.
Mikoko ikaanza kuja.
Nami nikafanya afanyavyo mtu mwenye akili zake:
nikashika kwa nguvu zaidi.
Kumbe kila unavyoivuta ile fimbo kifuani
ndivyo unavyoilisha.
"Ata!" akapiga kelele Famau, mbio majini,
"Ata, Mwalimu! Ata!"

Vidole ndivyo vilivyoelewa, si mimi.
Vikafunguka.
Na lile dubwana likapoteza hamu,
likapepea, likalala juu ya maji
kama nguo iliyoanguka kambani.
Nilikuwa na goti lililochanwa na chaza
na maji ya chumvi hadi masikioni.

"Nilisema tatu."
"Nami nilikwenda tatu."
Tulitazamana.
Kisha akaitazama saa yangu ya mkononi, akakaa majini,
akacheka hadi akakohoa.
Mgeni aliyemfundisha kule Shela alihesabu kizungu:
tatu yake iko kulia.
Famau aliimeza ile saa nzima nzima,
hakuwahi kuitafsiri.

Mimi sikucheka sana.
Ile karatasi yake ya kumi na moja kwa mia
ilikuwa na swali la saa,
nakumbuka, swali la saba, basi liondokalo Mokowe.
Sikumbuki alijibu nini.
Nakumbuka mkasi wangu tu, mwekundu, mrefu.

Tukaifuta saa.
Kushoto kukawa Mikoko, kulia Gati, juu Kofia.
Akanifumba macho kwa kilemba chake,
akanitaka nivute kifyatuo cha dharura mara ishirini,
nikakosa mbili, akaanza kuhesabu upya.
Akanionyesha kukunja kamba kwa nane,
kuipanda tiara iliyolala kama mtumbwi
na kurudi nayo pwani nimekaa.
"Usiende usikoweza kurudi kwa miguu,"
alisema, hakuongeza neno.

Ubao sijaukanyaga.
Uko pale ukutani, mkavu, unaninyanyapaa.

Nyumbani Mwanasiti alinipaka dawa ya goti.
"Umesimama juu ya maji?"
Bado.
"Wiki nzima! Umejifunza nini basi?"
Kuachia, nikamwambia.
Akanitazama, akaitazama ile kalamu nyekundu
iliyochungulia mfukoni mwa shati,
akaendelea kupaka dawa.